Sare Hukaa Wapi

Kwenye steji za matatu mjini Machakos, drafti huchezwa kwa vifuniko vya soda: vya huyu vimelala kifudifudi, vya yule chali. Anayefungwa huinuka, anayengoja zamu huketi. Ikitokea sare, wanaongoja hununa, maana hakuna wa kuinuka.

Mchezaji wa chesi angewashangaa. Kwake sare ni nusu pointi, na bingwa anayecheza na Weusi huweza kuiwinda tangu ufunguzi. London, mwaka 2000, katika pambano la ubingwa wa dunia, Vladimir Kramnik alimkabili bingwa Garry Kasparov kwa Ulinzi wa Berlin. Kufikia hatua ya 8 malkia wote wawili wameshaliwa, na mfalme mweusi amepoteza haki ya kukimbilia ngomeni. Mgeni angedhani Weusi wako taabani. Kasparov alizunguka akitafuta upenyo asiuone. Mchezo wa kwanza ukaisha sare kwa hatua 25. Michezo 13 kati ya 15 ilitoka sare, naye akavuliwa ubingwa bila kushinda hata mmoja.

Wapo wanaouita uchezaji huo uoga. Mimi naona sababu ya sare imo kwenye ubao wenyewe, na bao la Waswahili ndilo linaloifichua. Kwa kila mchezaji, shimo liitwalo nyumba huanza na kete 6, mashimo mawili yana mbilimbili, 22 zimo mkononi, na kila anayenamua huingiza moja. Kete zikiliwa hazitoki: mlaji huzisambaza upande wake. Zote 64 zimo mchezoni hadi mmoja akaukiwe mstari wa mbele au akose pa kwenda, kwa hiyo hatari haipungui hata dakika ya mwisho. Chesi huenda kinyume. Kila kubadilishana huondoa nguvu, pengine hadi wabaki wafalme wawili wasioweza kuuana. Berlin ni kuzitupa silaha nzito mapema. Bao halina pa kuzitupia.

Drafti nayo hupunguza kete. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walithibitisha kwa kompyuta kwamba drafti ya Kiingereza, asipokosea yeyote, huishia sare. Mabingwa wake walishaihisi zamani, ndiyo maana hatua tatu za kwanza huamuliwa kwa kura ya bahati nasibu. Stejini hawahitaji kura hiyo: mchezaji anayepumuliwa kisogoni na watu wanaokitaka kiti chake hukosea mwenyewe.