Ubadilishaji wa plazma: tiba ya ensefalaitisi, na njia ya Manda

Ubadilishaji wa plazma ni tiba ya kuitoa plazma ya mgonjwa pamoja na kingamwili zinazoushambulia ubongo wake, kisha kumrudishia chembe zake za damu zikiwa zimechanganywa na albumini au plazma ya wachangiaji. Kisiwani Manda hakuna mashine ya tiba hiyo. Manda ndiko wagonjwa wa visiwa vya Lamu wanakopandia ndege kuifuata Nairobi.

Maradhi yenyewe ni adimu na hujificha. Ensefalaitisi (uvimbe wa ubongo) ya kingamwili zinazoshambulia vipokezi vya NMDA, iliyoelezwa na Josep Dalmau na wenzake mwaka 2007, huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana. Binti hukosa usingizi, husema maneno yasiyoungana, huwaogopa hata wa nyumbani kwake, kisha hushikwa na degedege. Pwani hii dalili hizo hudhaniwa upesi kuwa ni pepo. Kusomewa hakumdhuru mgonjwa. Kuchelewa ndiko kunakomdhuru, na anaweza kusomewa huku boti inatafutwa.

Hospitali ya King Fahd, Lamu mjini, hupaswa kwanza kuhakikisha kwamba si malaria ya ubongo wala homa ya uti wa mgongo. Tiba dhidi ya kingamwili huanza kwa steroidi iitwayo methylprednisolone, gramu 1 kwa siku, siku 3 hadi 5. Isiposaidia, ndipo plazma hubadilishwa. Mwaka 1999 Brian Weinshenker wa Mayo Clinic na wenzake walionyesha manufaa yake kwa wagonjwa 22 ambao steroidi hazikuwasaidia, ingawa wao waliugua maradhi mengine, ya kuharibika kwa utando wa neva: nafuu ya wastani au zaidi ilionekana katika tiba 8 kati ya 19 za kweli, na 1 tu kati ya 17 za kuigiza.

Kipindi kimoja hutoa takriban lita 3 za plazma kwa mtu mzima na kupunguza kingamwili za damuni kwa karibu theluthi mbili. Lakini nyingine, zilizo nje ya mishipa, hurejea damuni. Kwa hiyo tiba hurudiwa mara 5 hadi 7, kwa kuruka siku. Sitreti inayozuia damu kuganda hushika kalsiamu, na mgonjwa husikia ganzi midomoni. Shinikizo la damu laweza kushuka.

Kutoka Lamu mjini kuvuka hadi gati la Manda ni dakika chache. Anayetoka Pate hupita mlango wa Mkanda, na maji yakipwa hungoja yajae. Rufaa yake basi iandikwe mapema, kabla steroidi hazijathibitika kushindwa.