Moja kwa Sita: Mafunzo na Mashine za Klorini katika Hospitali za Bungoma na Kitale

Hospitali ya Friends ya Lugulu iko kwenye barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, katika Kaunti ya Bungoma. Ni zao la misheni ya Waquaker, ambao watangulizi wao walifika Kaimosi mwaka 1902. Katika hospitali za misheni za aina hii, na vilevile katika zahanati za serikali, wauguzi na wahudumu wa usafi wamekariri hesabu moja kwa miaka mingi: kikombe kimoja cha dawa ya klorini ya Jik, vikombe sita vya maji. Dawa yenye klorini asilimia 3.5 ikichanganywa hivyo hubaki na asilimia 0.5, kiwango kinachotumika kutakasa damu iliyomwagika na sehemu zilizochafuliwa na majimaji ya mwili.

Sasa zipo mashine ndogo zinazotengeneza dawa hiyo papo hapo hospitalini. Mojawapo ni STREAM, ya kampuni ya Aqua Research ya Marekani, iliyoendelezwa kwa ushirikiano na shirika la PATH. Malighafi ni maji na chumvi, na umeme hupitishwa ndani yake hadi ipatikane hipokloraiti ya sodiamu. Kwa hospitali ya mashambani faida iko wazi, kwa kuwa chumvi huvunwa hapa hapa Kenya, kule Gongoni na Marereni, na dawa haingoji lori kutoka Nairobi. Lakini kinachotoka katika mashine hiyo tayari ni asilimia 0.5. Hakihitaji kuzimuliwa kwa kazi hiyo.

Hapa ndipo hatari ilipojificha. Mhudumu wa zamu ya usiku aliyezoea moja kwa sita atachota kikombe kimoja kutoka kwenye jerikani mpya, ataongeza vikombe sita vya maji kama alivyofundishwa, na ndoo yake itabaki na takriban asilimia 0.07. Atapiga deki sakafu ya chumba cha kujifungulia kwa bidii na uaminifu, na harufu ya klorini itasikika, lakini dawa haitakuwa na nguvu iliyokusudiwa. Kosa la upande wa pili ni baya vilevile. Umeme ukikatika siku kadhaa, Jik ikirudi, na mtu akaimimina bila maji kama alivyozoea kufanya na dawa ya mashine, itamchoma ngozi, itamwasha macho na koo, na kula vyuma vya vitanda.

Kwa hiyo mafunzo ya kifaa kama hiki hayawezi kuishia kwenye swichi na taa ya kijani. Kazi kubwa ni kubadilisha mazoea yaliyokwisha kujengeka mkononi, na mazoea hayabadiliki kwa semina ya siku moja.

Ushahidi wa jumla unaelekea huko. Mwaka 2011, Lora Perry na Robert Malkin walichapisha uchambuzi wa vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye uhaba wa rasilimali, na wakakuta asilimia 38.3 havifanyi kazi. Miongoni mwa sababu walizozitaja ni upungufu wa mafunzo. Historia ya klorini yenyewe inatoa somo kali zaidi. Mjini Vienna, mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis aliwalazimisha madaktari kunawa kwa chokaa yenye klorini, na vifo vya wazazi katika wodi yake vikashuka kutoka asilimia 18 hivi mwezi Aprili hadi takriban asilimia 2 mwezi Juni. Hata hivyo madaktari wengi walimpinga, naye hakuchapisha kitabu chake hadi 1861. Dawa ilifanya kazi. Kuwashawishi watu ndiko kulikoshindikana.

Ni nani basi afundishwe? Mara nyingi mwaliko wa semina humwendea msimamizi wa wodi, ilhali anayechanganya dawa ni mhudumu wa usafi, pengine kibarua asiye na mkataba wa kudumu. Huyo ndiye wa kwanza. Afundishwe kwa Kiswahili, na inapofaa kwa Kibukusu, akiwa amesimama mbele ya ndoo yake mwenyewe. Apewe karatasi za kupimia klorini, achovye moja katika dawa ya mashine na nyingine katika dawa aliyoizimua kwa mazoea, kisha alinganishe rangi. Akishaona tofauti hiyo kwa macho yake, hatahitaji kuhubiriwa.

Yapo pia mambo madogo yanayoamua matokeo. Damu ifutwe kwanza, kwa sababu uchafu hula klorini kabla haijafika kwenye viini. Jerikani ifunikwe na kuwekwa mbali na jua, maana mwanga na joto huidhoofisha dawa. Iandikwe tarehe, na iandikwe kwa herufi kubwa: USIONGEZE MAJI.

Eneo hili lina sababu ya pekee ya kulishughulikia jambo hili kwa uzito. Mgonjwa wa Marburg, ugonjwa wa virusi unaoenezwa kwa damu na majimaji ya mwili, aliyefia Nairobi mwaka 1980 alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Nzoia, hapo hapo Bungoma, na alikuwa ametembelea pango la Kitum katika Mlima Elgon. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa, akapona. Oktoba 2017 ugonjwa huo ulizuka Kween, upande wa Uganda wa mlima huo huo, na Kaunti ya Trans-Nzoia, uliko mji wa Kitale, ikawekwa katika hali ya tahadhari. Siku mgonjwa wa namna hiyo akifika Lugulu au Kitale, hakutakuwa na muda wa kuanza kujifunza vipimo.

Wapo watakaosema kwamba wafanyakazi huhama, na mafunzo huhama nao. Ni kweli, na ndiyo sababu somo hili linapaswa kuingizwa katika vyuo vya mafunzo ya utabibu vya KMTC vya Webuye, Bungoma na Kitale, na kurudiwa wodini kila mhudumu mpya anapoanza kazi. Kule Homa Bay, wauguzi waliofunzwa kuwaelekeza kina mama kutibu maji kwa klorini waliacha alama ya kudumu: mwaka mmoja baadaye, klorini bado ilipatikana katika maji ya kunywa ya kaya nyingi.

Serikali za kaunti za Bungoma na Trans-Nzoia, pamoja na makanisa yanayomiliki hospitali, zisipokee mashine yoyote ya klorini ambayo bajeti yake haina fungu la karatasi za kupimia, la fundi wa kuirekebisha, na la mkufunzi atakayerudi wodini baada ya miezi mitatu na tena baada ya mwaka.