"Mad Mullah": Jina la Sayyid Muhammad Abdille Hassan katika Kiingereza

Sayyid Muhammad Abdille Hassan, kiongozi wa Madarwishi wa Somalia, aliwapiga vita Waingereza, Waitalia na Wahabeshi kwa muda wa miaka ipatayo 20, tangu 1899 hadi 1920. Muda wote huo ilikuwa nadra kwa magazeti ya London kumtaja kwa jina lake. Yalimwita "Mad Mullah", yaani Mulla Mwendawazimu, na wabunge wa Uingereza nao walilitumia jina hilo bungeni bila kuona haya.

Mulla si neno la Wasomali. Mtu wa dini kwao huitwa wadaad au sheikh, na wafuasi wa Muhammad Abdille walimpa heshima ya sayyid. Mulla ni neno la Uajemi na Bara Hindi, na lilifika Berbera, bandari ya Wasomali, pamoja na utawala wa Waingereza, kwa kuwa hadi 1898 pwani hiyo iliendeshwa na serikali ya India kupitia Aden. Neno "Mad" nalo lilikuwa na historia yake. Mwaka 1897 Wapashtuni wa Malakand, karibu na mpaka wa Afghanistan, waliinuka dhidi ya Waingereza wakiongozwa na mtu wa dini aitwaye Saidullah, na Waingereza wakambandika jina hilohilo. Kwa hiyo vita vya Somalia vilipoanza miaka miwili baadaye, jina lilikwisha kuwapo. Kilichobadilika ni mwenye kuitwa.

Yapo masimulizi kwamba watu wa Berbera wenyewe ndio waliotangulia kumwita mwehu. Jambo hilo si la kupuuzwa. Muhammad Abdille alirudi kutoka Makka akiwa mfuasi wa tariqa ya Salihiyya, iliyoanzishwa na Sheikh Muhammad Salih. Alikataza mirungi, akapinga watu kuwaomba mawalii waliokufa wawaombee kwa Mungu, na akaishambulia tariqa ya Qadiriyya iliyokuwa imetia mizizi mjini. Mji wa bandari na biashara haukumpenda. Lakini ugomvi wa tariqa ni jambo moja, na jina la kudumu katika maandishi ya serikali ni jambo jingine. Mjini lilikuwa tusi la mahasimu. Kiingereza kililigeuza kuwa maelezo ya chanzo cha vita.

Hapo ndipo jina lilipofanya kazi yake kubwa, maana mwenye kuitwa kichaa hadaiwi hoja wala hajibiwi. Malalamiko yake juu ya utawala wa kigeni, juu ya wamisionari waliolea watoto wa Kisomali Berbera na juu ya mashambulizi ya Wahabeshi huko Ogaden yalifunikwa na neno moja. Matendo ya Waingereza wenyewe, hata hivyo, hayakulingana na neno hilo. Kati ya 1901 na 1904 walipeleka misafara minne ya kijeshi. Katika mmojawapo, Aprili 1903, kikosi cha askari wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka mmoja tu kabla, kiliangamizwa huko Gumburru pamoja na maofisa wake. Mwaka 1905 Waitalia walifunga mkataba naye wakampa eneo la kukaa, na Waingereza wakaukubali. Mwaka 1910 Waingereza waliiacha bara wakarudi pwani. Ni vigumu kusema kwamba haya ndiyo mambo wanayofanyiwa wendawazimu.

Majina yalibadilishwa na upande wa pili pia. Richard Corfield, ofisa aliyeuawa Dul Madoba Agosti 1913, aliingia katika shairi mashuhuri la Sayyid kwa jina la Koofil, na kwa Wasomali wengi ndilo jina lake hadi leo.

Mwaka 1920 Waingereza walitumia ndege kuzipiga ngome za Madarwishi. Sayyid alikimbilia Ogaden, akafa huko kwa homa ya mafua mwishoni mwa mwaka huo. Miaka mitatu baadaye Douglas Jardine, aliyekuwa ofisa wa serikali ya koloni, alichapa kitabu cha vita hivyo, na jina la dhihaka likakaa juu ya jalada. Wanahistoria walianza kulikwepa baada ya uhuru wa 1960. Robert Hess, katika makala yake ya 1964, alilitia ndani ya alama za kunukuu, na I. M. Lewis akamwita Sayyid. Magazeti hayakuwa na haraka hiyo: baada ya mapinduzi ya Iran ya 1979, jina hilo lilitiwa katika wingi na kupewa wanazuoni wa Tehran.

Kumwondolea mtu tusi si kumfanya walii. Mwaka 1909 wafuasi wa Sayyid walimuua Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyeieneza Qadiriyya hadi Zanzibar, na koo nyingi za kaskazini mwa Somalia zinakumbuka mifugo na watu waliopotea mikononi mwa Madarwishi. Mogadishu ilimsimamishia sanamu akiwa juu ya farasi; huko Hargeisa, mji wa kaskazini, si wengi wangeitaka.

Kiingereza cha leo kwa kawaida humwandika Mohammed Abdullah Hassan, nacho kina kasoro. Hassan huchukuliwa kuwa jina lake la ukoo, ilhali ni jina la babu yake, kwani Msomali hana jina la ukoo la namna ya Kizungu. Anayemtafuta katika faharasa ya kitabu cha Kiingereza na aanze na herufi H, kisha M, na asipompata popote aangalie palipoandikwa "Mullah".