Nani Alikuambia Hapa si Barabara?

Leo tuongee kuhusu sentensi moja ambayo kila mtu wa Njenga ameisikia: "Hapa si barabara."

Mimi niliisikia Jumapili moja jioni, kwa ule uwanja wa vumbi ambapo watoto hucheza mpira na vijana hujifunzia nduthi. Binamu yangu ni mtu wa boda. Alikuwa anafunza kijana wa miaka 14. Helmeti hakuna, leseni hakuna, miguuni ni slipa. Nikamwambia, "Wee, huyu mtoto ataumiza mtu." Akacheka. "Tulia bana, hapa si barabara. Karao hawana haja na hapa."

Haikupita dakika kumi. Kijana alitaka kushika breki, akavuta mafuta. Nduthi ikaingia mahali wasichana walikuwa wanaruka kamba. Mmoja akavunjika mguu. Alikuwa na miaka saba.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kusoma sikuacha. Nikaanza kutafuta: hii imani kwamba pasipo na lami hapana sheria ilitoka wapi?

Kuendesha kwa vumbi Kenya kuna historia ndefu, na ilianza kama starehe. Mwaka wa 1953 kulifanyika mbio za magari za kusherehekea Malkia Elizabeth kutawazwa. Zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hizo ndizo zikaja kuwa Safari Rally. Joginder Singh alishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976, na wazee wetu bado wanamtaja kama jirani yao.

Kitu ambacho sikujua ni kwamba kwa miaka mingi magari yalikimbia kwa barabara ambazo hazijafungwa. Yaani ng'ombe wapo, matatu zipo, watoto wa shule wapo. Timu zenye pesa zilikodi helikopta iruke mbele ya gari, imwambie dereva kuna nini kwenye kona. Baada ya 2002 Safari ilitoka kwa mashindano ya dunia. Iliporudi 2021 kule Naivasha, sehemu za kukimbilia zilifungwa, na mashabiki wakapangiwa mahali pa kusimama.

Halafu kuna Rhino Charge, iliyoanza 1989. Hapo gari halifuati hata njia, linakata msituni na mawe. Lakini waandaaji huomba ruhusa kwa wenye ardhi kwanza, na pesa inayochangwa ilisaidia kujenga ua wa umeme kuzunguka Aberdare, karibu kilomita 400, uliokamilika 2009.

Kwa hivyo matajiri wakitoka nje ya lami wana ruhusa, wana daktari, wana mtu wa kuwaambia kona iko na nini. Sisi tuko na binamu yangu.

Historia yetu ni nyingine. Boda ilianza na baiskeli huko mpakani Busia miaka ya 1960, kuvusha watu na mizigo kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine. Jina lenyewe ni neno la Kiingereza la mpaka, likapinda mdomoni mwa watu. Kisha 2008 serikali ikaondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo. Nduthi zikamwagika nchi nzima. Kijana ambaye hakuwa na kazi jana, leo ana kazi. Ni kitu kizuri, nisidanganye.

Lakini angalia mpangilio: mashine ilikuja kwanza. NTSA iliundwa 2012. Kanuni za pikipiki zikafuata 2015. Kati ya hapo maelfu ya vijana walihitaji mahali pa kujifunzia, na shule ya udereva ni pesa. Wakaenda kwa uwanja. Wakafunzana. Sisi ni wanafunzi wa hao waliofunzana.

Na serikali ilipokasirika Machi 2022, baada ya wanaboda kumshambulia dereva mwanamke kwa barabara ya Wangari Maathai, ilituma polisi kukamata nduthi. Kwetu sikuona aliyetumwa uwanjani kufunza mtu. Kwa hivyo mtu akiniambia "sheria ni ya kutuhangaisha tu," naelewa anatoka wapi.

Lakini soma sheria yenyewe. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haisemi barabara ni lami. Inahesabu pia njia ya miguu, mahali pa kuegesha magari, na njia nyingine ambayo gari linaweza kupita au umma unaweza kuingia. Vichochoro vyetu vyote vimo humo. Unaweza kubishana na mimi kuhusu katikati ya uwanja, sawa. Lakini nduthi haikupaa kufika hapo. Ilipita kichochoro kilichojaa watu.

Na hii hadithi ya "ni ardhi ya umma, ni yetu"? Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, inataja misitu ya serikali na mbuga za kitaifa kuwa ardhi ya umma pia. Mbuga ya Nairobi iko jirani hapa tu, na huingii na nduthi. Expressway inapita juu ya Mombasa Road, na nduthi haipandi. Ya umma maana yake ni kwamba kuna mwingine pia anaitumia. Pale uwanjani, huyo mwingine alikuwa msichana wa miaka saba na kamba yake.

Ile nduthi haikuwa na bima. Familia mbili zikaelewana nyumbani, pesa ikalipwa kidogo kidogo, na mtoto akakosa shule muhula mzima. Mamake anauza mboga. Ndiye alikuwa anambeba mgongoni kwenda kliniki.

Kwa hivyo kama lazima ufunze mtu uwanjani, angalau fanya hivi. Nenda alfajiri, kabla watoto hawajaamka. Mwanafunzi awe wa umri wa kupata leseni. Aanze injini ikiwa imezimwa, mpaka mkono ujue breki iko wapi bila kuangalia. Helmeti mbili, zifungwe kidevuni, si kuvaliwa kama kofia. Na mtu mmoja asimame pembeni kazi yake ikiwa moja tu, kuzuia watu wasikatize. Huyo ndiye helikopta yetu, na ni bure. Ukishaingia kazini, beba abiria mmoja, vaa riflekta, lipa bima hata kama inauma. Kichochoroni, enda mwendo wa mtu anayetembea.

Binamu yangu bado anafunza vijana. Siku hizi anaenda saa kumi na mbili asubuhi, na mimi ndiye nasimama pembeni. Yule msichana amerudi kucheza, lakini akisikia nduthi anaacha kamba na kukimbia ukutani.