Mchungwa wa Majani Matatu na Baridi ya Florida

Baridi iliyoiangamiza michungwa ya Florida, Marekani, ilipiga mara mbili katika msimu mmoja. Mwishoni mwa Desemba 1894 kipimajoto cha Orlando kilishuka hadi nyuzi 8 hivi chini ya sifuri. Matunda yaliganda mitini, majani yakapukutika. Miti mingi ingepona, lakini Januari ilikuja na joto. Michungwa ikadanganyika, ikachipua. Tarehe 7 na 8 Februari 1895 baridi ikarudi na kuikuta utomvu umeshapanda. Magome yalipasuka, miti ikafa hadi usawa wa ardhi. Wapo wakulima waliofunga virago wakaondoka, na mavuno yalichukua zaidi ya muongo mmoja kurudi yalipokuwa.

Katika mji wa Eustis, wataalamu wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Walter Swingle na Herbert Webber, walikuwa tayari wakichunguza michungwa. Jibu walilitafuta kwa jamaa wa mchungwa kutoka China, Poncirus trifoliata, ambao Wajapani huuita karatachi. Ni mti wa miiba mirefu na majani ya vipande vitatu. Wakati wa baridi mti huo hupukutisha majani na kulala, hivyo huweza kuhimili hata nyuzi 20 chini ya sifuri. Tunda lake ni dogo, limejaa mbegu, chungu kupindukia.

Mwaka 1897 walichavusha mti huo na mchungwa mtamu, nao mseto wakauita sitrenji. Kazi ilikuwa na kikwazo cha ajabu: mbegu nyingi za jamii ya michungwa hubeba viinitete visivyotokana na chavua, ambavyo hukua na kuwa nakala tupu ya mama. Mtu huchavusha kwa uangalifu, husubiri, kisha huotesha mti uleule aliokuwa nao. Kwa bahati, sifa ya majani matatu hutawala. Mama akiwa mchungwa wa kawaida, mche wenye majani matatu ni mseto bila shaka.

Baridi sitrenji zilihimili vizuri, ila ladha ilibaki ya karatachi: uchungu na ukakasi unaong'ang'ania mdomoni. Zilifaa kwa vinywaji na jemu, kwa watu wa majimbo ambako chungwa halikui. Swingle hakukata tamaa. Mwaka 1909 aliichanganya sitrenji na kumkwati, tunda dogo linaloliwa na ganda lake, ili apate mmea usiokurupuka kuchipua kila joto linapopita. Kwa maoni yangu hilo ndilo wazo lake bora zaidi, kwani lililenga hasa lile kosa la Januari 1895. Soko halikulijali.

Sitrenji zilikuja kupata kazi nyingine, chini ya ardhi: kuwa mche wa mizizi ambao juu yake hubebeshwa michungwa mingine. Mwaka huohuo wa 1909, huko Riverside, California, chungwa la Washington lisilo na mbegu lilichanganywa na karatachi, bado kwa nia ya kupata tunda la nchi za baridi. Ikazaliwa sitrenji ya Troyer. Kisha ugonjwa wa virusi uitwao tristeza ukaenea, ukaua mamilioni ya michungwa ya Amerika Kusini iliyobebeshwa juu ya mdanzi, na mwishoni mwa miaka ya 1930 ukagunduliwa California. Troyer na nduguye Carrizo waliuhimili, na vile viinitete vilivyowasumbua wachavushaji vikawa neema: mbegu zao hutoa miche inayofanana, jambo analolitaka kila mwenye kitalu. Mseto wa balungi na karatachi uliofanywa Eustis mwaka 1907 ulingoja hadi 1974 ndipo ukakabidhiwa rasmi wakulima, nao ukabeba sehemu kubwa ya michungwa ya Florida.

Hadi leo, jalidi kali ikiua sehemu iliyobebeshwa, mche wa chini hutoa machipukizi yake. Mwenye bustani asiyeyatambua huyalea miaka kadhaa, hadi avune matunda yaleyale machungu na kulalamika kuwa mti wake umegeuka.