Cheche Isiyowasha

Ami yangu, mvuvi wa Wesha, ana kovu la moto mkononi. Usiku mmoja, kabla sijazaliwa, aliwasha kiberiti aone petroli iliyobaki kwenye dumu. Hakuiona petroli, aliuona moto.

Nilimkumbuka nilipokuwa nikisoma, kwa ajili ya shahada yangu ya uzamili, habari za mgodi wa makaa ya mawe wa Senghenydd, Wales. Tarehe 14 Oktoba 1913 gesi ililipuka humo. Wachimbaji 439 na mwokoaji mmoja wakafa. Chanzo hakikuthibitishwa, lakini kengele za ishara zilishukiwa. Mchimbaji aligusanisha nyaya mbili zilizo wazi, kengele ikalia. Betri ilikuwa ndogo, ikadhaniwa salama. Utafiti wa Wheeler na Thornton ulionyesha kosa lilipo: koili ya kengele huhifadhi nishati, na nyaya zinapoachana nishati hiyo hutoka kama cheche.

Leo kipimo cha tangi la mafuta bado hutumia nyaya mbili. Hubeba umeme na habari kwa pamoja: miliampea 4 ni tupu, 20 ni pomoni, sifuri ni waya uliokatika. Mbali na tangi, kizuizi hubana umeme, mathalani usizidi volti 28 na miliampea 93. Kipimo na nyaya navyo hukaguliwa, visihifadhi nishati ya kulipua. Waya ukikatika cheche huweza kutoka, ila haiwashi mvuke.

Nilipomweleza, ami alilitazama kovu lake.

"Kumbe cheche hawakuikataza," alisema. "Wameinyima nguvu tu."