Mfupa Ulioleta Kishikizo cha Skii

Ukikuta skii za mtumba zinauzwa bei ya kutupa, usihangaike na rangi. Angalia vishikizo, yaani vile vyuma vinavyokamata buti. Vina kazi mbili zinazopingana: kushika, na kuachia.

Zamani vilijua kushika tu. Mwaka 1937 Hjalmar Hvam, Mnorwe aliyehamia Portland, Marekani, alivunjika mguu akiteleza Mount Hood. Buti haikuchomoka, mfupa ndio ulioachia. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia hospitalini, alipokuwa anazinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi: kishikizo kinachojifyatua mguu ukipindwa. Akakiuza kwa jina la Saf-Ski.

Baadaye zikaja springi za kurekebishwa, na ile namba kwenye kidirisha kidogo. Hapo ndipo wanunuzi wa mtumba hujidanganya. Namba hupangwa kwa uzito, kimo, umri na uzoefu wa mtelezaji, pamoja na urefu wa soli ya buti. Kwa hiyo namba ya mwenye skii wa kwanza si yako. Halafu springi iliyochoka inaweza kuonyesha 6 huku inaachia kwa nguvu nyingine kabisa! Ndiyo maana fundi hufunga buti yako mwenyewe, kisha akapima kwa mashine. Modeli ambayo kampuni imeacha kuidhamini, maduka mengi hayaigusi. Mimi pia nisingeigusa.

Ila tusidanganyane. Vishikizo vimepunguza sana kuvunjika kwa muundi, lakini kano za goti bado zinakatika, kwa sababu vingi huhisi msokoto kwenye vidole na mvuto kwenye kisigino tu. Goti hupindwa kwa njia nyingine nyingi.